Pumu Uwanjani: Mhadhara kwa Walimu wa Michezo, Makocha na Wazazi



Kila mwaka, kabla timu za shule hazijapanda basi kwenda UMITASHUMTA au UMISSETA, mwalimu husimama mbele ya vijana wake akauliza kama kuna mwenye tatizo la kiafya. Hakuna mkono unaoinuka. Mwalimu anaandika kwamba wote ni wazima, na safari inaanza. Katika kikosi cha vijana 20, kwa hesabu nitakazowapa sasa hivi, yumkini wapo wawili watatu ambao vifua vyao hubana wakikimbia. Wengine wao wamenyamaza kwa sababu wanajua jibu litakalofuata: "Basi wewe baki." Ukimya huo ndio nimekuja kuuzungumzia, kwa kuwa katika kazi yangu ya kutibu watoto nimeuona ukiwaumiza wengi kuliko mbio zenyewe.

Mwaka 1998 jarida la kitabibu la Thorax lilichapisha utafiti wa Ng'ang'a na wenzake uliofanywa Kenya. Waliwachukua wanafunzi wa mjini Nairobi na wa vijijini, wakapima nguvu ya pumzi zao, wakawakimbiza, kisha wakawapima tena. Kwa asilimia 22.9 ya watoto wa mjini na asilimia 13.2 ya wa vijijini, pumzi ilishuka kiasi ambacho madaktari hukihesabu kuwa njia za hewa zimebana. Hawa hawakuokotwa kliniki. Walikuwa watoto wa darasani. Miaka ya karibuni, utafiti mwingine katika miji sita ya Afrika, Kampala ikiwemo, uliwahoji wanafunzi zaidi ya 27,000. Asilimia 12 walikuwa na dalili za pumu, na miongoni mwa hao ni mmoja tu kati ya watano aliyekuwa amethibitishwa na mganga kuwa na ugonjwa huo. Kwa hiyo, mwalimu, si kila anayenyamaza anakuficha. Wengi hawajui. Wamekua wakiamini kwamba kila mtu hutweta hivyo.

Pumu ni ugonjwa wa njia za hewa zilizovimba kwa ndani na zinazochokozeka upesi. Mtu mzima aliyetulia huvuta lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika, kwa pua, na pua huipasha joto na kuitia unyevu. Kijana mwenye mazoezi akikimbia mita 1,500 kwa nguvu zake zote aweza kuvuta lita zaidi ya 100 kwa dakika, na hapo anavuta kwa mdomo. Hewa kavu inafika ndani kabisa kabla haijaandaliwa, inanyonya maji ya utando laini wa njia za hewa, na njia zilizokwisha kuvimba hujibu kwa kukaza misuli na kumwaga ute. Ndiyo maana mkimbiaji wa mita 100 mara nyingi humaliza salama, wa mita 3,000 akateseka. Mchezaji wa netiboli au wavu, anayekimbia na kusimama, huvumilia kuliko kiungo wa soka anayezunguka uwanja mzima bila kituo. Kuogelea huwafaa wengi kwa sababu ya unyevu wa hewa, ingawa klorini ya mabwawa yaliyofunikwa huwachokoza baadhi yao.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Mara nyingi mbano wenyewe huja mbio zikishakwisha. Hufika kileleni kati ya dakika 5 na 15 baada ya mtoto kusimama, kisha kwa kawaida hulegea taratibu ndani ya saa moja. Maana yake ni kwamba mtoto anabanwa wakati ambapo macho yetu yote yako kwa mshindi, naye amekwenda nyuma ya darasa, au amejifungia chooni ili asionekane akikohoa. Mteueni mtu mmoja katika kila timu ambaye kazi yake ni kuwatazama waliomaliza kwa robo saa nzima, hata kama kikombe kinatolewa upande wa pili.

Hapo hapo ndipo inapoonekana tofauti kati ya asiye na mazoezi na mwenye pumu. Asiye na mazoezi hutweta vibaya, lakini akipumzika dakika tatu nne pumzi hurudi. Mwenye pumu akipumzika huzidi: kikohozi kikavu kinaanza, kifua kinapiga mluzi akitoa pumzi, anainua mabega ili apate hewa. Mtoto anayekohoa kila baada ya mazoezi, mwezi baada ya mwezi, msimwambie ni vumbi. Wapo pia wachache, hasa wasichana wabalehe, ambao sauti ya kukwaruza husikika kooni wakivuta pumzi, huanza ghafla katikati ya mbio na kuisha upesi wakisimama. Huenda huko ni kubana kwa koromeo, na pampu ya pumu haisaidii. Anayebandika jina la ugonjwa ni daktari baada ya kupima. Kazi yenu ni kumfikisha kwake.

Vijana, sehemu hii ni yenu. Jackie Joyner-Kersee wa Marekani aligunduliwa kuwa na pumu akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Kwa muda mrefu hakutaka kuikubali wala kutumia dawa kama alivyoelekezwa, na amelisema hilo hadharani mara nyingi. Alipokubali kutibiwa sawasawa hakuacha michezo: alama zake 7,291 za michezo saba pale Seoul mwaka 1988 bado ndizo rekodi ya dunia. Paula Radcliffe wa Uingereza amekuwa na pumu tangu akiwa na miaka 14. Mwaka 2003 alikimbia maratoni ya London kwa saa 2:15:25, na rekodi hiyo ikadumu miaka 16 mpaka binti yetu wa Kenya, Brigid Kosgei, alipoivunja Chicago.

Halafu yuko Haile Gebrselassie wa Ethiopia, na kisa chake nakipenda kuliko vyote. Mwaka 2008 alikuwa mwenye rekodi ya dunia ya maratoni, na Olimpiki ilikuwa Beijing, mji uliosifika kwa hewa chafu. Akijua kifua chake, alitangaza kwamba maratoni ya pale hakimbii. Alikimbia mita 10,000 tu na kumaliza wa sita. Wiki chache baadaye, Septemba, alikwenda Berlin na kuishusha rekodi yake mwenyewe hadi saa 2:03:59. Huo ndio ujasiri ninaotamani vijana wauige: kukijua kifua chako kiasi cha kuweza kusema, "Leo hapa, hapana."

Wa nne alikuwa na umri wenu. Rick DeMont, Mmarekani wa miaka 16, alishinda mita 400 za kuogelea huru mjini Munich mwaka 1972 kwa tofauti ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Akanyang'anywa medali. Mkojo wake ulikuwa na efedrini, na efedrini hiyo ilitoka katika vidonge vyake vya pumu. Kijana alikuwa ameziandika dawa zake zote kwenye fomu. Watu wazima waliopokea fomu hawakuifanyia kazi. Mwaka uliofuata, pale Belgrade, alikuwa mwanamume wa kwanza kuogelea umbali huo chini ya dakika 4, lakini dhahabu ya Munich haikurudi. Ninawasimulia kwa sababu vidonge vya efedrini na theofilini vimeuzwa katika maduka yetu ya dawa kwa miaka mingi, na bado kuna wazazi wanaompa mtoto asubuhi ya mechi kwa nia njema kabisa.

Tuje kwenye dawa, na hapa nitakaa kidogo.

Dawa za pumu ni za aina mbili. Ipo ya kufungua, salbutamoli, ambayo wengi wenu mnaiita pampu ya bluu. Inalegeza misuli ndani ya dakika chache na nguvu yake hudumu saa chache. Ipo ya kuzuia, ambayo ni steroidi ya kuvuta kama beklometasoni au budesonidi. Hiyo hutuliza uvimbe wenyewe, hutumika kila siku, na kazi yake huonekana baada ya siku na wiki. Mtoto haisikii ikifanya kazi, kwa hiyo huiacha. Ile ya bluu anaisikia mara moja, kwa hiyo huipenda. Mapenzi hayo ni hatari, kwa sababu misuli inafunguka huku uvimbe ukiendelea kukua chini chini. Mwaka 2019 jopo la kimataifa la pumu, GINA, lilibadili mwongozo wake: halishauri tena mtu yeyote mwenye pumu, kuanzia miaka 12, kutibiwa kwa dawa ya kufungua peke yake. Steroidi ya kuvuta lazima iwemo, na njia mojawapo ni pampu moja yenye budesonidi na fomoteroli pamoja.

Kopo la bluu huwa na mipulizo 200. Kijana anayelihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki kwa sababu ya dalili, pumu yake haijadhibitiwa. Anayemaliza makopo matatu kwa mwaka ana uwezekano mkubwa zaidi wa kushikwa vibaya. Mzazi, anza kuhesabu makopo.

Nchini Marekani watafiti walichunguza vifo 61 vya pumu vilivyotokea michezoni au muda mfupi baadaye, kati ya mwaka 1993 na 2000. Wengi wa waliokufa walikuwa chini ya miaka 21, na wengi walijulikana kuwa na pumu iliyoitwa nyepesi. Waliokuwa wakitumia dawa ya kuzuia walikuwa wachache mno. Sina namna nyingine ya kuyasema haya: pumu ya mchezaji hutibiwa Jumatatu asubuhi nyumbani na Alhamisi usiku bwenini. Siku ya fainali tunavuna tu kilichofanyika siku hizo.

Najua pingamizi zenu, maana nazisikia kila siku kliniki. "Daktari, akianza pampu hataiacha." Pampu haina uteja. Anayeitumia miaka mingi anaitumia kwa kuwa ugonjwa upo miaka mingi, kama miwani kwa mwenye macho hafifu. "Daktari, steroidi si ndizo za watunisha misuli?" Hapana. Zile ni homoni za jamii nyingine kabisa. Hii ya kuvuta ni dozi ndogo inayokwenda mapafuni, inaruhusiwa michezoni, na mtoto asukutue mdomo baada ya kuivuta ili asipate utando mweupe kinywani. "Vidonge ni rahisi zaidi." Hili ndilo linaloniumiza, kwa sababu ni kweli kwamba kidonge na sharubati ya salbutamoli ni rahisi kupatikana, na pampu ya steroidi katika wilaya nyingi ni ghali au haipo. Lakini dawa ya kumeza huchelewa kufanya kazi, huutetemesha mwili na kuuendesha moyo mbio. Na kwa mwanamichezo kuna la ziada: salbutamoli ya kumeza imepigwa marufuku na shirika la kupambana na dawa za kusisimua michezoni, WADA, wakati wote, kwenye mashindano na nje yake.

Ya kuvuta inaruhusiwa kwa kikomo. Ni mikrogramu 1,600 kwa saa 24, na zisizidi 600 katika saa 8 zozote. Kwa pampu ya kawaida ya mikrogramu 100 hiyo ni mipulizo 6 kwa saa 8. Prednisoloni ya kumeza nayo hairuhusiwi wakati wa mashindano bila kibali cha tiba. Mwenye kijana anayeelekea michezo ya shule za Afrika Mashariki, FEASSSA, au timu ya taifa ya vijana, aanze kuyazoea mambo haya sasa, na barua ya daktari iwe ndani ya faili la timu. Lakini nisieleweke vibaya. Mtoto akishikwa sana, mpulizieni dawa inayohitajika hata ikipita kikomo. Kibali cha tiba kinaweza kuombwa baada ya dharura.

Siku ya mashindano, basi. Kijana ambaye daktari wake amemwelekeza hivyo huvuta mipulizo miwili ya salbutamoli kama dakika 15 kabla ya mchezo, na hiyo humlinda saa mbili hadi nne. Isiwe desturi ya kila siku, kwa sababu kinga hiyo hupungua inapozoeleka. Kupasha mwili moto kunastahili heshima kuliko tunavyokupa. Dakika 10 hadi 15 zenye mbio fupi fupi za nguvu, zikipishana na mwendo wa taratibu, huwapa takriban nusu ya wenye pumu kipindi cha saa moja hadi tatu ambamo kifua hakibani kirahisi. Timu inayochelewa kufika na kuingizwa uwanjani moja kwa moja kutoka kwenye basi inamnyima mtoto huyo kinga ya bure.

Kuna mahali pengine ambapo hatupatazami. Timu za shule zikisafiri hulala madarasani, magodoro yakiwa sakafuni, na asubuhi darasa hufagiliwa kwa ufagio mkavu huku watoto wakivaa viatu. Nje kuna moshi wa kuni wa jikoni na wa takataka zinazochomwa. Mtoto anavuta vumbi la godoro usiku kucha, anaamka na kikohozi, saa 3 yuko kwenye uwanja wa udongo. Ikiwa mashindano yako Iringa au Mbeya mwezi Juni, ongezeni baridi na upepo mkavu. Mwagieni maji sakafu kabla ya kufagia. Mwenye pumu alale mbali na jiko na mbali na mlango wa vumbi. Kwenye baridi avae kitambaa au barakoa puani na mdomoni wakati wa kupasha mwili. Hakuna kati ya hayo linalohitaji bajeti ya wizara.

Kwa ndugu zetu wanaofunga: dawa ya kuzuia ya mara mbili kwa siku inaingia vizuri baada ya futari na wakati wa daku, hivyo Ramadhani isiwe sababu ya kuiacha. Kuhusu pampu mchana, zungumzeni na shehe wenu mwezi haujaandama, ili kijana asije akasita kuivuta huku anabanwa.

Naomba sasa nieleze la kufanya mtoto akishikwa uwanjani. Mtoeni mchezoni, akae wima akiinamia mbele kidogo. Msimlaze, msimzunguke, msimmwagie maji. Mpulizo mmoja wa salbutamoli kupitia spesa, avute pumzi mara nne hadi sita, kisha wa pili, mpaka mipulizo minne. Subirini dakika nne. Kama hajapata nafuu, minne mingine, na gari liwashwe. Kuanzia hapo dawa iendelee njiani kuelekea hospitali. Kama pampu yake haipo, tumieni ya mwenzake. Asiyeweza kumaliza sentensi, anayevuta mpaka ngozi kati ya mbavu inaingia ndani, au ambaye ulimi na ndani ya midomo vimegeuka rangi ya buluu, huyo aende hospitali mara moja. Na mluzi wa kifua ukinyamaza ghafla huku mtoto akizidi kulegea, msishangilie. Hewa imekaribia kuacha kupita.

Spesa ni kile chombo kinachokaa kati ya pampu na mdomo ili dawa ifike mapafuni badala ya kugonga koo. Ya kununua ni ghali. Huko Afrika Kusini, Heather Zar na wenzake walichukua chupa ya plastiki ya soda ya mililita 500, wakatoboa kitako chake kwa waya wa moto ulioumbwa sawa na mdomo wa pampu, pampu ikakaa humo barabara, na mtoto akavutia mdomo wa chupa. Katika jarida la Lancet la mwaka 1999 walionyesha kwamba kwa watoto walioshikwa na pumu chupa hiyo ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani. Ioshwe kwa maji ya sabuni, iachwe ikauke yenyewe bila kufutwa ndani. Kila sanduku la huduma ya kwanza la timu liwe na chupa hiyo pamoja na pampu ya bluu ambayo muda wake haujapita. Na sanduku liwe kando ya mstari wa uwanja. Nimeona pampu ikiwa imefungiwa ndani ya basi na dereva amekwenda kula.

Mwalimu, badilisha pia lile swali lako. Usiulize mbele ya timu nzima nani mgonjwa. Muite kila mmoja peke yake, mwulize: ukimaliza kukimbia unakohoa? Usiku huamka ukikohoa? Umewahi kuvuta pampu ya mtu? Kisha mwambie mapema, kabla hajajibu, kwamba jibu lake halitamtoa kikosini.

Kabla sijapanda hapa, mama mmoja amenipa karatasi. Binti yake anakimbia mita 1,500, wiki iliyopita alishikwa akapewa dawa ya mvuke kwenye zahanati, na Jumamosi ijayo kuna mashindano ya wilaya. Je, akimbie? Mama, baada ya kushikwa hivyo uvimbe hubaki siku kadhaa, pengine wiki, hata mtoto akionekana mzima. Nitamruhusu akiwa analala usiku kucha bila kukohoa, hahitaji pampu ya bluu mchana, na amekimbia mazoezi mepesi mara mbili tatu bila kifua kubana. Kwa ulivyoandika, bado anaamka usiku. Jumamosi hiyo asikimbie. Kesho asubuhi mlete kliniki, nimpime pumzi na kumwandikia dawa ya kuzuia, kwa sababu karatasi yako inasema alirudishwa nyumbani na ya kufungua peke yake.